Niliwachanja vifaranga wa samaki kama vifaranga wa kuku, keji ya akina mama wa Sindo ikanifunza adabu

Wakuu, salamu kutoka Rodi Kopany, ambako mawingu yamekaa tangu asubuhi na mvua haijaamua kama inakuja ama inapita.

Nimekuwa nikisoma nyuzi za watu hapa kimya kimya kama mgeni aliyeketi karibu na mlango. Leo acha nami nitoe yangu. Sitaongeza chumvi. Penye aibu nitaweka aibu, na iko nyingi.

Wale hamjui samaki msiogope, nitaeleza polepole. Wale mnajua kuliko mimi, mnisahihishe, lakini msinitukane kabla hamjafika mwisho.

Twende.

Mimi ni mtu wa kuku. Nilizaliwa Awendo, upande wa Sakwa, nikaolewa huku Rodi. Nimefuga kuku tangu mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni. Kwa ukuta wa jikoni nina kalenda ya chanjo. Gumboro siku hii, Newcastle siku ile, typhoid wiki ile. Hiyo kalenda sijawahi kuikosea. Majirani wakipoteza kuku banda zima, wangu wanawika.

Kwa hivyo mnaelewa. Nilikuwa na kichwa kikubwa. Kuhusu kuku hakuna mtu angeniambia kitu.

Ndipo nikaingia kwa samaki. Nyuma ya boma letu kuna kijito hakikauki, mzee wangu akachimba vidimbwi, tukaweka na matangi chini ya mabati. Kazi yetu ni kutotolesha ngege, ile tilapia ya kawaida, kisha kuwauzia vifaranga watu wenye keji ziwani. Keji ni kama chumba cha wavu kinachoelea, kimeshikwa na vyuma na mitungi, samaki wanakulia humo ndani.

Kitu cha kushangaza kuhusu ngege ni kwamba mama anabeba mayai mdomoni. Hayali, hayamezi, anayabeba tu. Watoto wakitoka wanaogelea kidogo mbele yake, wakiona kivuli wanarudi mdomoni mbio.

Sisi wa hatchery hatungoji hayo. Tunamshika mama, tunamfungua mdomo, tunasafisha mayai yote kwenye beseni, tunayatotolesha sisi. Inaonekana ukatili lakini ndiyo kazi yenyewe.

Kumbukeni hiyo ya mdomo. Itarudi.

Sasa Sindo kuna kikundi cha akina mama, wengi wao wajane. Zamani walinunua samaki kwa wavuvi na kukaanga. Samaki wa ziwa wakapungua, wakajichanga wakatengeneza keji moja. Moja tu. Mwenyekiti wao ni Mama Peres, mama wa makamo ya juu, Msabato wa damu, sauti yake ikiita ng'ambo ya ghuba unageuka. Alikuwa akinunua mayai ya kuku kwangu. Nilipomwambia siku hizi niko na samaki pia, hakuuliza mara mbili.

"Nyar Sakwa," aliniambia, yaani binti wa Sakwa, ndivyo ananiita mpaka leo, "kama unawalea kama kuku wako, tuletee."

Kama unawalea kama kuku wako. Yawa! Na hivyo ndivyo nilivyofanya.

Kulikuwa na jamaa fulani akizunguka na chanjo ya samaki. Ni ya kuogesha. Unaichanganya na maji, unachota samaki, unawaacha humo dakika kadhaa, unawarudisha. Alisema inazuia ule ugonjwa unaofanya samaki azunguke kama amelewa na macho yatoke nje. Nikamuuliza nichanje siku ya ngapi. Akasema mapema iwezekanavyo.

Mimi nikaangalia kalenda yangu ya kuku. Wiki ya kwanza.

Niliwaogesha wakiwa vitu vidogo kama kope. Unaona macho mawili na mkia, basi. Nikawachota kwa neti, nikawatumbukiza, nikawatoa, nikawachota tena. Nikaandika kwa kalenda SAMAKI WAMECHANJWA, kwa kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini.

Na kwa sababu wamechanjwa, nikaona sasa ni askari. Hakuna haja ya kukaa nao sana. Wateja wengi walikuwa wanalalamika kwamba hatchery zinachelewesha. Nikawafungia kwenye mifuko ya oksijeni wakiwa bado wadogo sana, nikawapakia kwenye pikapu, nikawapeleka Sindo mimi mwenyewe. Nikawaambia wale akina mama kwa kiburi kabisa, "Hawa wamechanjwa. Hawa hata mkilala usingizi wa pono, watajilea."

Wakaimba. Wakaomba. Wakamwaga vifaranga kwenye keji.

Wakuu, hata mwezi haukuisha.

Mama Peres alinipigia asubuhi, hakusalimia. Mtu wa huku akikupigia bila salamu ujue kuna maiti. "Njoo uone watoto wako," alisema, akakata.

Nilipofika walikuwa wanaelea. Wengine wamevimba macho, wengine wanazunguka zunguka juu ya maji, wengine wameshaliwa na ndege. Kila siku akina mama walichota waliokufa, kila siku wakaongezeka. Mwishowe ile keji ikabaki na samaki wa kuhesabu kwa vidole, nao wakafa.

Nilisimama pale ufukweni na viatu vyangu vya maana, nikalia mbele za watu.

Kikundi kikaketi. Niliitwa, nikaketi kwenye benchi ya pembeni. Wengi walitaka kung'oa keji na kuuza vyuma, kila mtu arudi kwa karai lake la mafuta. Mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika, "Tulimwachia samaki Jagweno." Jagweno ni mtu wa kuku. Watu wakacheka. Hilo jina lilifika soko la Rodi kabla yangu, sijui lilipanda gari gani.

Mama Peres hakucheka. Alisimama akasema mara moja tu. Wajaribu mara moja tena, kwa huyo huyo Jagweno. Wakifa, vyuma viuzwe na yeye mwenyewe aache kiti cha uenyekiti.

Baadaye nilimwuliza kwa nini. Akaniangalia kama mtu mjinga. "Wewe ndiye unajua walikufa ukiwa umefanya nini. Mwingine ataanza kukosea upya."

Nilirudi nyumbani na hasira mbili. Moja ya yule jamaa wa chanjo, ambaye simu yake ilianza kuwa mteja wa namba uliyopiga hapatikani. Ya pili yangu mwenyewe, lakini hiyo niliificha kwanza.

Nilikuwa na uhakika chanjo ilikuwa feki. Nilitaka mtu wa kunithibitishia ili niende nayo kila mahali nikipiga kelele. Nikamkumbuka shemeji yangu, Chacha.

Chacha ni Mkuria, ameoa dada yangu mdogo, anafundisha baiolojia kwa shule moja ya sekondari Awendo. Mtu mpole mpaka anakera. Kabla ya ualimu alifanya kazi pwani, kwa watu wanaofuga samaki wa baharini. Mwatiko na wengine. Kazi yake ilikuwa kuwachukua vifaranga wa kila umri, kuwakata vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, kuvipaka rangi, na kuviangalia kwa hadubini. Kazi hiyo iliisha, akarudi nyumbani na sanduku la vioo vyenye vile vipande. Dada yangu humcheka ati wanaume wengine wanarudi kutoka pwani na kitanda cha mvule, wake amerudi na samaki waliokufa zamani.

Nikampelekea chupa ya chanjo iliyobaki na vifaranga wachache waliokufa. Lori za miwa zilikuwa zimefunga barabara ya kuingia Awendo, nikakaa kwenye vumbi nikipanga maneno yangu ya hasira.

Hakuigusa hata ile chupa.

"Shemeji, uliwachanja siku ya ngapi?"

"Wiki ya kwanza."

"Kwa nini wiki ya kwanza?"

"Si ndivyo tunafanya kuku!"

Akanyamaza. Wakuu, mnajua ule unyamavu wa mwalimu akiwa ameona mahali umekosea hesabu na anangoja ujionee mwenyewe? Huo.

Akanipeleka maabara ya shule. Akatoa vioo vyake, akavipanga kwa umri, kutoka mtoto wa samaki aliyetoka kwa yai siku ile ile mpaka wa wiki nyingi. Akaweka cha kwanza chini ya hadubini akaniambia angalia.

Niliona pinki na zambarau. Nikamwambia ni kama kitenge. Akacheka kidogo, akaanza kunionyesha kwa ncha ya kalamu.

Alisema hivi, nami naandika kwa maneno yangu.

Samaki naye ana viungo vya kinga. Kuna figo, hasa ile sehemu ya mbele iliyo nyuma ya kichwa, ambayo kwa samaki inatengeneza damu na askari wa mwili. Kuna tezi ndogo inaitwa thaimasi, imejificha juu ya mashavu, karibu na matamvua. Kuna bandama, kando ya tumbo. Hivi vitatu ndivyo vinavyomfundisha samaki kumtambua adui na kumkumbuka.

Kwenye kioo cha kwanza, figo ilikuwepo kama mrija mwembamba. Thaimasi hakuna. Bandama hakuna.

Kioo kilichofuata, wa siku chache mbele, kuna doa dogo juu ya shavu. "Hiyo ndiyo thaimasi inaanza," alisema. Nilifurahi kama nimeona mtoto kwa skani.

Mbele kidogo, bandama ikatokea, nukta tu. Lakini zote zilikuwa na rangi hafifu. Akabadilisha, akabadilisha. Kadiri umri ulivyopanda, ile thaimasi ikajaa vidoti vya zambarau vilivyobanana. Kwenye kioo cha wiki nyingi ilikuwa imejaa kabisa, na unaweza kuona ina sehemu ya nje na ya ndani.

"Hivyo vidoti ndio askari," alisema. "Hapa mwanzo umeona chuo cha askari kimejengwa. Lakini hakuna aliyehitimu."

Halafu akasema kitu kilichoniuma. "Kifaranga cha kuku kinatoka kwa yai karibu kikiwa kamili, shemeji. Kinatembea, kinadonoa, viungo vyake vya kinga viko tayari kufundishwa. Samaki anatoka kwa yai ujenzi ukiendelea. Wewe ulipeleka barua kwa nyumba ambayo haijapata mwenyewe."

Yaani chanjo inaweza kuwa nzuri kabisa, na isifanye chochote. Hakuna wa kuisoma. Alisema pia kuna samaki ambao ukiwaletea adui mapema mno, mwili unaweza kumzoea badala ya kumkataa. Kama ndivyo kwa ngege hakuwa na uhakika, hakutaka kuniongopea.

Nikamwuliza, sasa hawa watoto wanaishije siku zote hizo bila askari?

Akasema wana vitu viwili. Kwanza, mama anawawekea kinga kidogo ndani ya kiini cha yai. Kiini kikiisha, ile kinga nayo inafifia. Pili, ule ute unaoteleza juu ya ngozi. Ule ute ndio blanketi yao. Ukimchota kwa neti ngumu, unamvua blanketi.

Nilihesabu kimoyomoyo ni mara ngapi niliwachota siku ile ya kuwaogesha. Kwenda, kurudi, kwenda, kurudi. Halafu nikawapakia, nikawatikisa barabara yote ya Mbita, nikawamwaga ziwani. Kinga ya mama imeisha, yao haijafika, blanketi nimewavua. Na nikawaambia watu watajilea.

Niliketi kwenye kiti cha mwanafunzi nikashika kichwa. Ile hasira ya pili ikatoka yote.

Chacha aliniongezea tahadhari moja, na ninaiweka hapa kwa sababu humu kuna watu wa kunakili bila kusoma. Vioo vyake ni vya samaki wa baharini. Ngege wetu wa maji baridi siku zake si zile zile, hata mpangilio wa nani anatangulia unaweza kutofautiana. Joto la maji pia linaharakisha au linachelewesha. Kwa hivyo hakunipa kalenda. Nilimsihi, "Nipe basi siku niandike ukutani!" Akakataa katakata.

"Acha kuangalia ukuta. Angalia samaki."

Basi nikaanza upya.

Niliacha akina mama ngege wakae na watoto wao mdomoni muda zaidi kabla ya kuwachukua. Nikashona neti laini ya kuchotea kwa kitambaa cha pazia langu la sebuleni, mzee akauliza pazia limeenda wapi, nikamwambia limepata kazi. Nikaacha kuwapanga panga kwa ukubwa wakiwa wadogo. Maji yasibadilike ghafla. Chakula kidogo kidogo, mara nyingi. Nikaenda ofisi ya samaki kuuliza kuhusu chanjo, wakaniambia isipitie kwa mtu wa barabarani, ipitie kwa daktari wa mifugo, na samaki awe amekua. Sikupata ya kuaminika wakati huo, kwa hivyo hilo kundi la pili halikuchanjwa. Lilingojewa tu.

Kungoja, wakuu, si mchezo.

Keji Sindo imekaa tupu. Kila wiki Mama Peres anauliza, "Wako tayari lini?" Nami nasema bado. Wiki nyingine, bado. Akina mama wakaanza kunung'unika kwamba Jagweno hana samaki, anawazungusha. Kuna muuzaji mwingine akawaambia yeye ana vifaranga leo hii, wadogo wadogo, waje wachukue.

Siku moja Mama Peres akatokea hapa kwangu bila kupiga simu, na mapipa ya kubebea.

"Leo naenda nao."

"Mama, bado."

"Nawaona wanaogelea! Wanakula! Wamebaki kufanya nini, kuzaa?"

"Mama, wakienda sasa watakufa."

"Na wasipoenda sasa kikundi kinakufa!" Sauti yake ilitikisa mabati. "Tunakutana Jumatatu. Nikienda mikono mitupu wanang'oa vyuma. Mimi nilisimama kwa ajili yako, Nyar Sakwa. Unataka nisimame mara ngapi?"

Nusu yangu ilitaka kumpa tu, lawama iwe yake. Namheshimu huyu mama kama mama mkwe wangu, na mtu hamjibu mama mkwe.

Lakini nikasema hapana. Nikasema, "Nipe siku moja nikuonyeshe kitu. Ukishakiona, bado ukitaka kuwachukua, nitakufungia mwenyewe."

Maabara ya Chacha ilikuwa wazi Jumamosi tu. Mama Peres akanijibu kwamba Sabato yake haiwezi kuvunjwa na samaki. Ikabidi shemeji aombe ufunguo wa Jumapili. Tukaenda, yeye na gauni lake jeupe la kanisani kabisa, kama anaenda kukutana na askofu.

Alikataa kuketi. Aliinama kwenye hadubini, akafunga jicho moja kwa mkono. Chacha akamwonyesha, kioo baada ya kioo, kwa upole wake ule. Hapa hakuna. Hapa kunaanza. Hapa kuna doa. Hapa pamejaa.

Mama Peres akarudi kioo cha kwanza mwenyewe. Akaangalia tena cha mwisho. Nilikuwa nasikia jinsi anavyopumua.

Halafu akasimama wima, akanigeukia.

"Kwa hiyo mliwatoa nje kabla ya siku zao."

Kwa wasio wa huku, nieleze. Kwa Wajaluo mtoto akizaliwa, hatolewi nje hivi hivi. Anakaa ndani na mama yake, wa kiume siku nne, wa kike siku tatu. Siku ikifika ndipo anatolewa, aone jua, watu wamwone. Tunaita golo nyathi. Siku hizi wengi wanazaa hospitali na mambo yamelegea, lakini Mama Peres ametoa wajukuu wote wa boma lake kwa mikono yake.

"Hata ngege anajua," akaendelea, sasa anaongea kama anajigombeza. "Nimeona ngege na watoto mdomoni tangu niwe msichana. Nilidhani anaficha wasiliwe. Kumbe anawangojea."

Chacha akafungua mdomo atoe ile tahadhari yake ya samaki wa baharini na wa maji baridi. Nikamkanyaga mguu. Baadaye alimwambia yote, msijali, ni mtu mwaminifu kupita kiasi.

Njia nzima ya kurudi Mama Peres alikuwa akinung'unika, "Watoto wa siku moja. Kwa pikapu." Tulipoachana aliyachukua yale mapipa yake matupu. Aliniambia, "Jumatatu niachie mimi."

Sikuwepo kwenye huo mkutano. Naambiwa haukuwa mrefu. Aliwauliza wale akina mama swali moja. Nani kati yenu alimtoa mtoto wake nje siku aliyozaliwa? Hakuna aliyeinua mkono. Basi, akasema, tunangoja.

Tukangoja. Mpaka vifaranga wakawa na urefu wa kidole changu cha shahada, wanene, wepesi, ukiingiza mkono wanauma. Niliwapeleka asubuhi na mapema maji yakiwa baridi. Safari hii hatukuimba. Mifuko ilielea kwanza ndani ya keji mpaka maji yakalingana joto, ndipo tukaifungua, wakatoka wenyewe. Sikusema neno lolote la askari.

Wiki za kwanza, shwari. Nilianza kulala.

Kisha ukaja upepo. Mnaokaa ziwani mnaujua, ule unaochimbua maji ya chini yakaja juu, ziwa linageuka rangi na kunuka mayai mabovu. Nilisikia sokoni kwamba watu kando kando ya ufuko wanachota samaki waliokufa kwa magunia.

Simu ikalia. Mama Peres. Hakusalimia.

"Njoo Sindo saa hii."

Wakuu, hiyo barabara sijui niliipitaje. Nilikuwa nimeshamaliza kuwazia vyuma vikikatwa, mama wa watu akiacha kiti chake kwa ajili yangu. Nilimwomba Mungu wa Wasabato na wa Wakatoliki, sikuchagua.

Nikafika. Akina mama wamesimama ufukweni wote. Karibu nao kuna karai la samaki waliokufa. Wetu.

"Hao wamekufa kwa siku ngapi?" nikauliza.

"Ndio wote," Mama Peres akajibu. "Tangu upepo uanze."

Karai moja. Si magunia. Karai moja, halikujaa.

Tukapanda mtumbwi mpaka kwenye keji. Yeye akachukua konzi ya chakula, akarusha. Maji yakachemka! Walipanda juu wote kwa pamoja, wakarusha maji mpaka gauni langu likalowa, wakagombania kama watoto wa shule kwa sufuria ya githeri. Mama Peres akaangalia, akapangusa uso kwa leso, sijui ilikuwa maji ama machozi, sikuuliza.

Akasema polepole, "Sasa wametoka nje."

Nililia tena mbele za watu. Viatu safari hii vilikuwa vya mpira.

Kwa kuwa natuma kwa vipande, naona mkuu mmoja hapo chini ameshauliza kama nina uhakika ni kungoja kulikowaokoa. Nilimwuliza Chacha swali hilo hilo. Akasema hawezi kuapa. Huenda upepo ulitupitia kando kidogo, huenda ni ukubwa wao tu. Alichoapa ni kwamba wa kwanza hawakuwa na nafasi. Mimi hiyo inanitosha.

Mwingine ameandika ati haraka haraka haina baraka. Asante sana mkuu, nimeshaambiwa hivyo na soko zima la Rodi, mpaka na muuza sukuma.

Nililojifunza ni kwamba ujuzi wa kitu kimoja unaweza kukupofusha kwa kingine. Sikuua wale samaki kwa uvivu. Niliwaua kwa kujua kuku sana. Kabla hujamchanja, hujampanga, hujamsafirisha mnyama yeyote, uliza kwanza mwili wake umefika wapi, usiulize wewe umefika wapi.

Kalenda ya kuku bado iko ukutani. Ile SAMAKI WAMECHANJWA ya kalamu nyekundu nimeifuta.

Sasa nanyi semeni. Wenye hatchery, mnawatoa vifaranga wakiwa na ukubwa gani, na nani amewahi kuchanja ikafanya kazi? Wa pwani wenye mwatiko, ni kweli aliyoyaona shemeji? Nitasoma yote, hata ya kunichamba. Jina la Jagweno mnaweza kulitumia, nimelizoea, siku hizi hata wale mama wakiliita wananipikia chai kwanza.

Ngoja niwalishe wengine, kundi la tatu liko kwenye matangi. Mama Peres amenitumia ujumbe asubuhi hii. Zamani angeuliza wako tayari lini.

Leo ameandika: "Nyar Sakwa, wametimiza siku zao? Kama bado, usiwaguse."